Mpiga gitaa wa Dar es Salaam mjini Guangzhou azungumzia bendi, jukwaa na santuri

Mji wa Guangzhou, ambao ni makao makuu ya mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, unajulikana na Waafrika wengi kutokana na biashara. Maonesho ya bidhaa ya Canton yamekuwa yakifanyika mjini humo tangu mwaka 1957, na wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Kampala huenda huko kununua nguo, vigae, simu na vipuri. Safari hii lakini hatukwenda kuuliza bei ya mzigo. Tulikwenda kuzungumza na Mtanzania mmoja ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akipiga gitaa mjini humo. Alikubali kutueleza maoni yake kuhusu bendi, maonesho ya jukwaani na santuri, kwa sharti moja tu: jina lake lisiandikwe. Alisema huku akicheka kuwa wanamuziki hawasameheani upesi.

Tulimkuta kwenye mgahawa mmoja katika eneo la Xiaobei, ambalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 limekuwa kituo cha Waafrika mjini Guangzhou, ingawa idadi yao ilipungua baada ya janga la Corona la mwaka 2020. Gitaa lake lilikuwa limeegemezwa ukutani, ndani ya mfuko wenye kamba iliyoshonwa upya. Kabla hata chai haijaletwa, tulimuuliza swali ambalo kila mtu wa Dar es Salaam huulizwa: yeye ni wa Msondo au wa Sikinde?

Alitikisa kichwa. Alisema mtaani kwao Ilala swali hilo lilikuwa likigawa hata nyumba moja. Bendi inayoitwa leo Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianzishwa mwaka 1978. Kwa maoni yake, magitaa ya Sikinde hayana mpinzani, na tarumbeta za Msondo hazina mpinzani, kwa hiyo mwenye akili husikiliza zote mbili. Alitukumbusha kuwa marehemu Muhidin Gurumo, aliyefariki dunia mwaka 2014, aliimba katika bendi zote hizo. Mashabiki walikuwa wakigombania ukuta ambao mzee mwenyewe aliupita akaenda na kurudi.

Lakini maoni yake makubwa kuhusu bendi hayahusu waimbaji. Anaona kuwa bendi ni mpiga gitaa la rithimu. Mwimbaji akiugua, mwingine anashika kipaza sauti na watu wanaendelea kucheza. Mpiga rithimu akiondoka, wote wanaonekana kama wageni kwao wenyewe. Pia anaona kuwa bendi zile za zamani zilikuwa nzuri kwa sababu ambayo haionekani jukwaani: wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mtu mwenye mshahara ana muda wa kufanya mazoezi, na wimbo unaofanyiwa mazoezi mwezi mzima haufanani na wimbo uliotungwa asubuhi ukarekodiwa jioni.

Tulimuuliza basi ilikuwaje mtu wa bendi akajikuta peke yake Guangzhou. Alisema walikuja wanamuziki 6 kwa mkataba wa hoteli. Mkataba ulipokwisha, wenzake walirudi nyumbani, yeye akabaki, na hoteli nyingine ikamchukua yeye mmoja pamoja na kompyuta yake. Ngoma, besi na kinanda vyote viko ndani ya kompyuta hiyo. Hupiga nyimbo za Kiingereza zinazoombwa na wageni, na nyimbo za mapenzi za Kichina, ambazo alijifunza kwa kuandika matamshi yake kwa herufi za Kiswahili kwenye daftari. Alituonesha daftari hilo. Mchina akilisoma haelewi kitu, na Mswahili akilisoma haelewi kitu, lakini yeye anakula kwa daftari hilo.

Hapo aligusa jambo ambalo linamkera kidogo. Mkoa wa Guangdong hutengeneza vyombo vya muziki na vya sauti kwa wingi. Kiwanda cha piano cha Pearl River kilianzishwa Guangzhou mwaka 1956 na kimekuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya piano duniani, na mji wa Enping katika mkoa huo ni maarufu kwa vipaza sauti. Ndugu zetu wafanyabiashara hununua spika na mitambo ya kuchanganyia sauti, wakaisafirisha kwa makontena hadi bandarini Dar es Salaam na Mombasa. Mpiga gitaa huyo husaidia mara kwa mara kuchagua spika nzuri, kwa kuwa ana masikio ya kazi hiyo, na hulipwa kamisheni. Spika hizo zikifika nyumbani, mtu mmoja na kompyuta yake anapiga muziki wa harusi nzima, na bendi ya watu 12 inakaa bila kazi. Alisema yeye hana haki ya kulaumu mtu, kwa sababu anashika ncha zote mbili za kamba.

Kuhusu maonesho ya jukwaani, alisema darasa lake kubwa nchini China lilitoka kwa vijana wa mkoa huohuo wa Guangdong. Ni bendi iitwayo Wutiaoren, maana yake watu watano, ingawa nguzo zake ni wanamuziki wawili, Renke na Maotao. Wanatoka wilaya ya Haifeng iliyoko pwani mashariki mwa mkoa huo, na kabla ya kupata umaarufu waliishi Guangzhou wakiuza vitabu na sahani za muziki barabarani. Mwaka 2009 walitoa albamu yao ya kwanza kuhusu maisha ya wilayani kwao, wakiimba kwa lahaja ya Haifeng. Lahaja hiyo iko mbali hata na Kikanton kinachozungumzwa Guangzhou, kwa hiyo wengi wa waliowasikiliza mjini humo hawakufahamu maneno yao.

Katika majira ya joto ya mwaka 2020, bendi hiyo ilishiriki mashindano ya bendi yaliyooneshwa kwenye tovuti ya iQiyi na kutazamwa kote nchini China. Siku ya kwanza walitakiwa kupiga wimbo mmoja, na dakika za mwisho wakabadilisha na kupiga mwingine, wa lahaja yao. Mafundi wa taa na maandishi walichanganyikiwa, kura hazikutosha, wakaondolewa. Watazamaji hawakukubali. Bendi hiyo iliondolewa zaidi ya mara moja na kila mara ikarudishwa kwa kura, mpaka ikamaliza mashindano ikiwa ya pili.

Mwenyeji wetu alisema aliyatazama mashindano hayo chumbani kwake, wakati ambapo hoteli zilikuwa tupu na yeye hakuwa na kazi. Hakuelewa neno hata moja. Lakini aliona kuwa vijana wale walichagua wimbo uliowaletea hasara, na hasara hiyo ndiyo iliyowapatia watu. Kwa maoni yake, onesho la jukwaani lina maana pale tu linapoweza kuharibika. Kompyuta haikosei, na kwa hiyo hakuna anayeisubiri kwa hamu.

Alisema pia kuwa watu wa Guangdong hawajawahi kuogopa kuchanganya. Katika miaka ya 1920 mwanamuziki Lü Wencheng, mwenyeji wa Zhongshan, aliweka waya wa chuma kwenye zeze la Kichina la erhu badala ya uzi wa hariri, akapandisha sauti yake, na chombo kilichopatikana kinaitwa gaohu, ambacho ndicho kiongozi wa muziki wa Kikanton hadi leo. Wanamuziki wa zama hizo walichukua pia fidla, saksafoni na gitaa la Kihawaii. Siku ambazo hana kazi, mwenyeji wetu hwenda eneo la Liwan, ambako wazee wapenzi wa opera ya Kikanton hukusanyika kupiga na kuimba bila ya kudai kiingilio. Anapenda zaidi pale kuliko kwenye Ukumbi wa Muziki wa Xinghai, uliofunguliwa mwaka 1998 kwenye kisiwa cha Ersha na wenye viti zaidi ya 1,400 katika jumba lake kubwa. Ukumbini mtu akikohoa anaangaliwa vibaya. Liwan mzee akisahau ubeti, jirani anamkumbusha, na wimbo unaendelea.

Tulipofika kwenye suala la santuri, alitueleza habari ambayo wapenzi wa muziki wa China wenye umri wa makamo wanaijua vizuri. Katika miaka ya 1990, kampuni za muziki za nchi za Magharibi zilikuwa zikitupa kanda na sahani za CD zilizobaki bila kuuzwa. Zilikatwa ukingoni kwa msumeno ili zisiuzwe tena, kisha zikapelekwa China zikiwa takataka za plastiki, na nyingi ziliingilia mkoa wa Guangdong. Lakini takataka hizo hazikuyeyushwa zote. Watu waligundua kuwa mkato haukuua muziki wote. Kanda iliyokatika iliungwa kwa gundi ya karatasi. Na kwa kuwa CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, mkato wa ukingoni uliharibu nyimbo za mwisho tu. Wachina huziita dakou, yaani zenye mkato, na vijana wengi waliokuja kuunda bendi walijifunzia muziki wa roki humo, wakijua albamu nzima isipokuwa mwisho wake.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwao Tanzania hali ilikuwa kinyume. Huko hakukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, na bendi zilisafiri hadi Nairobi, au zikarekodi kwenye studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Kilichorekodiwa redioni kilihifadhiwa kwenye kanda. Kile ambacho hakikufika redioni wala Nairobi kilibaki vichwani mwa wapigaji.

Ndipo alipotueleza jambo ambalo hatukuwa tumeliuliza. Mmoja wa wenzake aliokuja nao alikuwa mtunzi. Baada ya kurudi nyumbani, alifariki dunia. Alikuwa na nyimbo mbili ambazo bendi yao ilizipiga kila Jumamosi, na watu walizipenda, lakini hazikuwahi kurekodiwa, kwa kuwa kila mara walisema watarekodi wakipata pesa za studio nzuri. Wenzake wengine wameacha muziki. Alisema kwa sauti ya chini kuwa sasa kanda iliyobaki ni yeye.

Tulimuuliza kwa nini asizirekodi yeye mwenyewe, na kompyuta anayo. Alijibu kuwa kwa muda mrefu hakutaka, kwa sababu hana mpiga besi wala tarumbeta, na kuziweka nyimbo za marehemu juu ya ngoma za mashine aliona ni kumkosea adabu. Lakini amekuwa akifikiria zile sahani zenye mkato. Kama vijana wa China walijifunza muziki kutoka kwenye albamu isiyo na mwisho, basi wimbo usio na besi nao unaweza kumfikia mtu. Mwezi uliopita alizirekodi zote mbili kwa gitaa na sauti tu, akampelekea mjane wa marehemu kwa simu.

Usiku huo tulifuatana naye hotelini. Alipiga nyimbo zilizoombwa, na wageni waliendelea kula. Karibu na saa 5 usiku alifunga kompyuta, akavuta kiti, akapiga wimbo mmoja wa Kiswahili. Katikati alikosea, akacheka, akarudi nyuma na kuendelea. Kwenye meza moja mama wa Kichina aliweka vijiti vyake chini na kusikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mhudumu na kumuuliza kitu huku akionesha jukwaani. Mhudumu hakujua, akaja kutuuliza sisi ile ilikuwa ni lugha gani. Tulimwambia.