Njia Nyeupe niliyoiona Ndanai, na taa zinazotuficha anga Pwani

Agosti nilikuwa Ndanai, kaunti ya Bomet, kwa harusi ya rafiki. Saa mbili usiku stima ikapotea, tukatoka nje. Juu yetu mkanda mweupe ulikuwa umetanda kutoka kusini hadi kaskazini. Nikasema mvua inakuja. Mwenyeji wangu akacheka: "Ndugu yangu wa Mombasa, hizo ni nyota."

Alisema kweli. Mkanda ule ni Njia Nyeupe, galaksi yetu, yenye nyota zaidi ya bilioni 100, Jua likiwa mojawapo. Imebapa kama chapati, na sisi tumo ndani yake. Fikiria umesimama katikati ya shamba la minazi Kilifi. Ukitazama mbele, vigogo vinasongamana hadi huoni mwisho. Ukitazama juu, unaona anga. Ndivyo ilivyo: tukitazama kufuata ubapa wa galaksi, nyota ni nyingi hata macho yanaona weupe tu. Mabaka meusi yaliyo katikati ni vumbi linalozuia mwanga.

Kitovu chake kiko upande wa mkia wa Nge. Nuru, ambayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua miaka kama 26,000 kutoka huko hadi kwetu.

Sisi Wapwani tuna fungu letu katika elimu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Iliorodhesha vyanzo 339, vingi vikiwa ndani ya galaksi yetu, na vipimo vyake vilisaidia kutambua kwamba kimoja, Cygnus X-1, ni shimo jeusi.

Niliporudi Mombasa nilipanda darini na mwanangu wa miaka tisa. Hatukuona kitu. Mulika mwizi zinatulinda na sizipingi, lakini nuru inayopotea juu haimlindi mtu. Taa ikifunikwa upande wa juu na kuelekezwa chini, barabara inaangaza na anga inabaki na giza lake. Wanaopanga taa mpya za kaunti walifikirie hilo. Mabaharia wetu waliongozwa na nyota. Haifai wajukuu wao wazifuate hadi Ndanai, tena wasubiri stima ipotee.