Vimeng'enya Viuavyo Bakteria

Wafugaji wa Garsen na wa kandokando ya Mto Tana wanajua ya kuwa maziwa ya ngamia hukawia kuganda kuliko ya ng'ombe. Sababu mojawapo ni lisozimi iliyomo ndani yake. Hiyo ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi yake maalum, kama zile ziyeyushazo chakula tumboni. Lisozimi imo pia katika machozi, katika mate na katika ute mweupe wa yai. Aliyeieleza kwanza, mwaka 1922, ni Dakta Alexander Fleming, yule yule aliyegundua penisilini mwaka 1928.

Bakteria amezungukwa na ukuta, na ndani yake mna msukumo mkubwa, mfano wa gunia la mpunga lililoshindiliwa sana. Lisozimi hukata nyuzi za gunia hilo, likapasuka, naye bakteria akafa. Penisilini hufuata njia nyingine: huzuia ukuta mpya usishonwe, na kwa hiyo humpata bakteria wakati anapokua.

Basi kwa nini wataalamu watafute vimeng'enya, na penisilini ipo? Ni kwa kuwa bakteria wengi wamekwisha kuzizoea dawa. Yakadiriwa kwamba mwaka 1 wa 2019 watu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu hiyo. Fleming mwenyewe alionya mwaka 1945 kwamba dawa isiyotosha huwafundisha bakteria kuishinda. Hata hivyo mtu hununua vidonge vinne dukani badala ya dozi kamili, na mfugaji humdunga ng'ombe wake sindano asimwulize daktari wa mifugo!

Ugumu wa vimeng'enya ni kwamba kila kimoja kina ukuta wake kiwezacho kuukata, kama ufunguo na kufuli. Ndiyo maana wataalamu wanaviandikia orodha: kimetoka wapi, kinamwua bakteria gani. Mwaka 2012 wataalamu wa China walitangaza orodha iitwayo EnzyBase, yenye zaidi ya 1,100. Vingine hutoka kwa virusi ambavyo huingia ndani ya bakteria, huzaana humo, kisha huupasua ukuta ili vitoke. Kingine ni lisostafini, iliyojulikana mwaka 1964, ambayo humwua bakteria aletaye majipu kwa watu na uvimbe wa kiwele kwa ng'ombe. Mwaka 2005 huko Marekani ilitangazwa habari ya ng'ombe waliotengenezwa ili watoe lisostafini katika maziwa yao, na viwele vyao viliweza kumshinda bakteria huyo. Lakini uvimbe wa kiwele uletwao na bakteria wa namna nyingine haukuzuiliwa.

Si kila jaribio limefaulu. Mwaka 2022 jaribio kubwa la dawa ya jinsi hii, exebacase, lilisimamishwa kwa kuwa faida yake haikuonekana.

Wala mtu asidhani kwamba maziwa mabichi ya ngamia ni salama kwa kuwa yana lisozimi. Bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na wa brusela wana vazi la pili nje ya ukuta, na lisozimi haipenyi hapo kwa urahisi. Brusela, iletayo homa za kurudia-rudia na maumivu ya viungo, hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi, ya ngamia kadhalika. Maziwa na yachemshwe. Ni kweli moto huipunguzia lisozimi nguvu, lakini humwua bakteria huyo.