Sheria ya Kaunti Iko Wapi? Jinsi Chombo cha Kutafuta Sheria Mtandaoni Kinavyotengenezwa

Mwenye kibanda sokoni anapoambiwa alipe ada mpya, ana haki ya kuuliza swali moja: ni sheria gani inayosema hivyo? Swali hilo si ukaidi. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba hakuna ushuru wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kuondolewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ina maana kwamba afisa anayedai pesa anapaswa kuwa na sheria nyuma yake, na mkazi anapaswa kuweza kuisoma sheria hiyo.

Kuisoma ndiko kwenye kazi. Bunge la Kaunti likishapitisha mswada na Gavana akautia saini, kifungu cha 25 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka sheria hiyo ichapishwe ndani ya siku saba katika Gazeti Rasmi la Kaunti na Gazeti Rasmi la Kenya. Huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe iwe imetaja siku nyingine. Bila kuchapishwa, haina nguvu. Lakini ni wakazi wangapi wanaokwenda kununua Gazeti Rasmi? Wengi hupata habari kupitia faili inayosambazwa katika makundi ya WhatsApp, bila tarehe, wakati mwingine ikiwa na kurasa zilizokosekana. Ndiyo maana kuna haja ya chombo cha kutafutia sheria mtandaoni, na ni vyema mkazi ajue kinavyoundwa, kwa sababu ubora wake unategemea mambo ambayo hayaonekani kwenye skrini.

Picha si maandishi

Sheria nyingi hufika mtandaoni zikiwa nakala iliyopigwa skani. Mtu anaiona na kuisoma, lakini kwa kompyuta hiyo ni picha tu, kama picha ya mbuzi. Ukiandika neno "kiosk" katika kisanduku cha kutafuta, hutapata kitu hata kama neno hilo limo mara 30.

Hatua ya kwanza basi ni kutumia programu inayotambua herufi katika picha na kuzigeuza kuwa maandishi. Programu hizi hufanya kazi nzuri kwenye ukurasa safi. Kwenye ukurasa uliokunjwa, uliopigwa muhuri juu ya maneno, au wenye jedwali lenye safu nyingi, hukosea. Na Sheria ya Fedha ya kaunti sehemu yake kubwa ni majedwali: ada ya duka dogo, ada ya duka kubwa, ada ya kuegesha lori, ada ya kuchinja ng'ombe. Programu ikisoma 1,500 kama 15,000, au ikihamisha tarakimu kutoka safu ya duka dogo hadi ya supamaketi, mkazi atapewa jibu la uongo lenye sura ya ukweli. Hakuna njia ya mkato hapa. Lazima mtu akae na nakala yenye saini upande mmoja na maandishi upande wa pili, alinganishe mstari kwa mstari. Kwa maoni yetu, kaunti yoyote inayopanga bajeti ya chombo kama hiki ingetenga fedha nyingi kwa kazi hii kabla ya kufikiria rangi za tovuti.

Njia rahisi zaidi, bila shaka, ni ofisi ya Karani wa Bunge la Kaunti kuhifadhi maandishi yenyewe yaliyochapwa pamoja na nakala yenye saini.

Kuipa sheria mifupa

Maandishi yakiwa sahihi, bado ni rundo. Mtu anayeuliza kuhusu kibali cha kuuza chakula hataki kupelekwa mwanzo wa faili ya kurasa 180. Anataka kifungu. Kwa hiyo kila sehemu ya sheria huwekewa alama isiyoonekana na msomaji: hii ni Sehemu ya Tatu, hiki ni kifungu cha 14, hiki ni kijifungu cha (2), hili ni Jedwali la Kwanza.

Kuna mfumo wa kimataifa wa alama hizo, na asili yake ni bara letu. Unaitwa Akoma Ntoso, jina kutoka lugha ya Kiakan ya Afrika Magharibi lenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Ulianza katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bologna nchini Italia wakashiriki kuubuni, na mwaka 2018 ukakubaliwa kuwa kiwango rasmi cha kimataifa. Faida yake ni kwamba sheria iliyowekewa alama hizo inaweza kuhamishwa kutoka tovuti moja hadi nyingine bila kuanza kazi upya. Kampuni iliyopewa zabuni ikiondoka, kaunti inabaki na sheria zake.

Kila sheria pia hupewa anwani yake ya kudumu. Hapa kuna mtego wa Kenya. Sheria ya Ardhi ilijulikana kwa miaka mingi kama Sheria Nambari 6 ya 2012; katika toleo jipya la Sheria za Kenya ni Sura ya 280. Sheria ya Serikali za Kaunti, Nambari 17 ya 2012, sasa ni Sura ya 265. Barua za zamani zinataja nambari, za sasa zinataja sura, na chombo kizuri kinatambua kwamba ni sheria ileile.

Leo ni sheria?

Swali gumu kuliko yote si "inasema nini" bali "inatumika leo?" Chukua masuala ya fedha ya kitaifa. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilitangaza kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa kinyume cha Katiba. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo. Maandishi ya sheria hayakubadilika hata nukta moja, lakini hali yake ilibadilika. Na Mswada wa Fedha wa 2024, ambao Rais alikataa kuutia saini baada ya maandamano ya Juni, bado unapatikana mtandaoni. Anayeutafuta bila uangalifu anaweza kudhani anasoma sheria.

Kwa hiyo chombo lazima kitenganishe mswada na sheria, kionyeshe tarehe ya kuanza kutumika, marekebisho na uamuzi wa mahakama. Marekebisho yenyewe ni kazi ya subira. Sheria ya kurekebisha huandikwa kwa maelekezo: futa neno hili katika kifungu cha 9, weka lile. Mtu hana budi kuyaingiza maelekezo hayo katika sheria mama, huku toleo la zamani likihifadhiwa. Mfanyabiashara anayeshtakiwa kwa kosa la mwaka 2022 atahitaji sheria ilivyokuwa 2022. Kwa kaunti, ambako ada hubadilika karibu kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha, hili si jambo la wanasheria pekee. Ni tofauti kati ya kulipa ada ya mwaka huu na kulipa ya mwaka juzi.

Mkazi anauliza kwa Kiswahili

Utafutaji wenyewe hufanya kazi kama faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Kompyuta huorodhesha kila neno na vifungu linamopatikana, kisha hupanga majibu: neno likiwa kwenye kichwa cha kifungu lina uzito kuliko likiwa katikati ya aya.

Sheria zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali mkazi anawaza kwa Kiswahili. Akiandika "mchuuzi", sheria inasema "hawker". Akiandika "ushuru wa mazao", sheria inasema "cess". Kamusi ya maneno yanayolingana lazima itengenezwe na watu wanaojua lugha ya soko, si kutafsiriwa na mashine usiku mmoja. Tena Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno: muuzaji, wauzaji, anayeuza, kuuza. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa Kiingereza hukata mwisho wa neno ili kupata mzizi, na hapo hupotea njia kabisa.

Siku hizi wapo wanaopendekeza programu ya akili bandia ijibu maswali moja kwa moja. Inaweza kusaidia, kwa sharti kwamba kila jibu liambatane na kifungu chenyewe cha kusomwa. Juni 2023 jaji mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi ambazo programu ya aina hiyo ilikuwa imezibuni. Ikiwa mawakili walidanganyika, mama mboga atajuaje?

Jambo dogo ambalo wahandisi husahau: ukurasa wa maandishi hufunguka kwa simu ya kawaida na bando kidogo, faili ya skani inaweza kumaliza bando la siku nzima.

Unavyoweza kutafuta sasa

Sheria za Kenya, pamoja na sheria za kaunti na matoleo ya Gazeti Rasmi, zinapatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, ambayo ni ya Baraza la Kitaifa la Uchapishaji wa Sheria. Unapofungua sheria yoyote, tazama kwanza kama ni mswada au sheria, kisha tarehe ya kuanza kutumika, kisha nambari ya Gazeti Rasmi. Kukiwa na tofauti kati ya maandishi ya mtandaoni na Gazeti Rasmi lililochapishwa, shika lililochapishwa.

Usipopata unachotafuta, Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inakuruhusu kuiomba ofisi husika. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa wa habari ana wajibu wa kumwandikia. Kuomba hakulipiwi, ila unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Likikosekana, au ombi likikataliwa bila sababu ya kisheria, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Ombudsman.