Giaboksi Ikiteleza, Anza na Kijiti

Ukipanda mlima wa Mazeras, injini ikalia lakini gari lisiongeze mwendo, usikimbilie kununua giaboksi nyingine. Pima oili yake kwanza. Magari mengi ya otomatiki yenye kijiti hupimwa injini ikiwa imepata moto na inaunguruma, gia ikiwa kwenye P.

Oili ikiwa imepungua, inavuja mahali, kwani hii haiungui kama ya injini. Ziba panapovuja, kisha ongeza aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. CVT ina yake.

Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, klachi za ndani zimelika. Hapo giaboksi sharti ifunguliwe.

Fundi akitaja bei kabla ya kupima, mwambie ahsante, uondoke.