Mwanga wa mchana mu nyumba ya muchimbaji: tole ya mwanga, chupa, ao dirisha ya juu?

Mu nyumba mingi za mitaa ya Kolwezi, Likasi na Kipushi, saa sita ya mchana inje jua linawaka, ndani mutoto anatafuta daftari na taa ya simu. Siku SNEL inakata na simu haina batri, masomo inangojea kesho. Ile giza tuliijenga siye wenyewe, juu ya woga wa wezi: dirisha moja ndogo, antivoli, rido nzito, na ukuta haukupakwa kitu.

Jua tunalo. Tuko karibu digri 11 kusini mwa ikweta, mchana haupunguke chini ya masaa 11 hata mu mwezi wa 6. Kazi njo kuingiza mwanga bila kuingiza joto na mwizi.

Watu wengi wanakimbilia tole ya mwanga, ile ya plastiki. Unatosha tole moja ya chuma, unaweka hii, na nyumba inafunguka mara moja. Hakuna kitu kinaleta mwanga mingi kama hiyo. Lakini mu mwezi wa 10 na mwezi wa 2 jua linapita wima juu ya vichwa vyetu, na chumba kinakuwa kama mbabula. Ile ya bei ya chini inageuka manjano, na mwizi anaikata na kisu. Kama unaitaka kabisa, iweke juu ya koridori ao jiko, upande wa kusini wa nyumba: kutoka mwisho wa mwezi wa 2 mupaka mwezi wa 10 jua linapita upande wa kaskazini, basi haitakupiga sana.

Kuko tena chupa. Fundi mekanisie wa Brazil, Alfredo Moser, njo aliianzisha mu 2002, wakati kwao kuran ilikuwa inakatika. Kisha ikaenea sana Philippines. Unakamata chupa nyeupe ya litre 2, unaijaza mayi safi na vifuniko viwili vya javeli ili mayi isigeuke kijani. Unatoboa tole, chupa inashuka ndani, kipande chake kidogo kinabakia inje, na unaziba na silikoni, vizuri, maana mvua yetu haina huruma. Jua likiwaka, inatoa mwanga kama ampule ya watts 40 ao 60. Ni ya jiko isiyo na plafo. Usiku haifanye kitu.

Neno moja kwa wale wanakaa mu nyumba za kambi za zamani: kama juu ni fibro-simenti ya zamani, musikate, musitoboe. Inaweza kuwa na amianti, na vumbi yake inaharibu mapafu. Vumbi ya mugodi inatosha.

Miye ninachagua dirisha ya juu. Mwanga unaingia mu chumba karibu mara moja na nusu ao mara mbili ya urefu kutoka chini mupaka juu ya dirisha. Juu yake ikiwa metre 2, mwanga unafika metre 3 ao 4. Ukiishusha, unaangazia miguu tu. Hata mustari wa klostra chini ya tole unasaidia: mwizi hapite, na moshi ya makala inapata njia ya kutoka. Elekeza kaskazini ao kusini. Dirisha ya mangaribi inaleta joto ya jioni. Lakini usivunje ukuta bila lento, zaidi kama unakaa karibu na kariere na mine zinatikisa nyumba.

Kisha chokaa. Ukuta mweupe unarudisha karibu asilimia 80 ya mwanga. Tofali nyekundu hairudishe hata nusu. Paka ndani, paka na ukuta wa lupango unaotazama dirisha. Hakuna kitu ingine inazaa vile kwa pesa kidogo.

Wamama, chumba kimoja kiacheni na giza: cha mutu wa posti ya usiku. Mwanga ukimupiga saa nne asubuyi, halale, na usiku anapanda benne ya tani mingi na macho mazito. Kwake wekeni rido nyeusi. Mwanga uende saloni, kwa watoto.

Na wadelegue wasikie: Code du Travail ya 2002 inasema mwajiri atoe nyumba ya kufaa, ao pesa ya nyumba. Leo wengi wanapata pesa tu, na haifike hata bei ya madirisha mbili. Mu mazungumuzo ya konvansio kolektivu, tuweke bei ya dirisha, kiyoo na lento ndani ya hesabu, na karatasi ya fundi mu mukono.

Kabla ya kuita huyo fundi, jaribu hivi: saa kumi ya mchana ikala pale mutoto anasomea, fungua daftari. Kisha tundika drap nyeupe ku ukuta unaotazamana na dirisha, usome tena. Kama unaona tofauti, anza na chokaa.