Giza la miezi mitatu Unguja: maji na barafu ndivyo vilivyouma

DESEMBA 10, 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi Machi 2010. Lilikuwa giza la pili, kwani mwaka 2008, kuanzia mwishoni mwa Mei, kisiwa kilikaa takriban mwezi mzima bila umeme.

Tegemeo lilikuwa moja tu, waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Tanzania Bara hadi Fumba. Ulipopata hitilafu, hapakuwa na njia nyingine.

Majumbani, taa ilikuwa shida ndogo. Koroboi na mishumaa vilikuwepo. Kilichowatoa watu jasho ni maji, maana pampu zinazosukuma maji ya bomba huendeshwa kwa umeme. Katika nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe, ndoo zilipandishwa ngazi kwa mikono, kazi iliyowaangukia zaidi kina mama na watoto.

Kwa muuza samaki, kukosa barafu ni kukosa sauti. Asipouza mchana, jioni bei hupangwa na mnunuzi. Kinachobaki hutiwa chumvi kikawa ng'onda. Mwenye jenereta aliendelea na kazi, ila faida iliishia kwenye petroli. Mkulima wa mwani, ajabu, alikuwa na nafuu: mali yake hukaushwa na jua.

Waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani, ulizinduliwa mwaka 2013. Nao pia unatokea Bara.