Je, Wajua? Kufuli Likigoma, Tafuta Penseli

Dawa imo kwenye mkoba wa mtoto wa shule
Kiini cheusi cha penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Milimita moja tu ya grafiti ina tabaka za kaboni zipatazo milioni tatu, nazo huteleza moja juu ya nyingine kama karata mpya. Sugua penseli kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara nne, tano. Unga utabaki ndani, na uzuri wake ni kwamba haunasi vumbi.

Mafuta ya kupikia hulainisha leo, huganda baadaye
Umewahi kupangusa ukuta wa kando ya jiko ukakuta utando wa njano unaonata? Huo ndio unaojengeka ndani ya kitasa kilichotiwa mafuta ya chapati! Hewa huyageuza gundi polepole, vumbi la kiangazi hunasa humo, na pini ndogo hushindwa kupanda na kushuka.

Kutu huvimba
Chuma kikishika kutu huchukua nafasi kubwa kuliko mwanzo. Ndiyo maana kufuli la chuma linaloning'inia nje pale Mbita, likinyeshewa na kupigwa na unyevu wa ziwa, hubana upinde wake hata kama ufunguo unazunguka. Basi usitie dawa kwenye tundu la ufunguo peke yake. Dondoshea pia pale upinde unapoingia. Funguo nyingi za njano, kwa upande wake, ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na hazishiki kutu ya chuma.

Namba 40 ni hesabu ya majaribio
Dawa ya kupulizia ya WD-40 ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani. Herufi zake zinahusu kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini, lile lililofaulu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukinga ganda la kombora la Atlas dhidi ya kutu! Ukiipulizia kufuli lililolowa, liache likauke kabisa kabla ya kutia unga wa penseli, la sivyo utapata tope.

Kufuli moja, funguo milioni
Kitasa chenye pini sita, kila moja ikiwa na vimo kumi, kinaweza kupangwa kwa namna 1,000,000. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,116,436 katika Kaunti ya Migori: karibu kila mkazi apate ufunguo wake wa pekee.

Pengine mgonjwa ni mlango
Zungusha ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka vyema, kitasa ni kizima: mbao zimevimba kwa mvua za masika au bawaba zimelegea. Hapo hata debe zima la mafuta halitasaidia, mwite seremala.

Thimlich Ohinga ililindwa na kuinama
Ngome hii ya Migori, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, ina kuta za mawe zinazofika mita 4.5, zimesimama kwa karne kadhaa bila tone la saruji. Milango yake ni mifupi mno. Kila aliyeingia, rafiki au adui, alilazimika kuinama na kutanguliza kichwa, na vibanda vya walinzi vilikuwa papo hapo ndani.